MTI MZEE NA MCHE: NI UPI UNAOBEBA MZIGO?

(Mazungumzo haya yalitolewa baada ya Alasiri katika darsa za vijana za mwezi wa Ramadhan. Yamechapishwa karibu kama yalivyosemwa.)





Mwenyekiti wa vijana alinipigia simu akaniambia, "Wewe uko chuo kikuu, unasoma mambo ya misitu, njoo utuzungumzie mazingira." Nikamwambia mazingira ni neno pana mno, na mada pana wakati huu wa alasiri, tumbo likiwa tupu, italeta usingizi tu. Kwa hiyo nimechagua mti mmoja. Nao ni ule mringaringa ulioko nyuma ya madrasa.

Sote tunaujua. Tumesoma juzuu amma chini yake wakati madarasa yalipokuwa mawili tu. Unapochanua maua meupe uwanja mzima huonekana kama umemwagiwa pamba. Sasa mnajua pia kwamba kuna fundi seremala amekuja, ameuzunguka mara tatu, na ameahidi shilingi 45,000 taslimu. Paa la darasa la wasichana linavuja, hilo nalo hatubishani. Kamati itaamua baada ya Idd. Na kwenye kikao kilichopita, nilikuwepo, ilisemwa hoja moja ambayo ndiyo iliyonifanya niombe dakika hizi. Mzee wetu mmoja alisema, "Mti ule umezeeka. Haumezi tena hewa chafu. Tuukate, tupande miche mia mbili, tutakuwa tumefaidi mara mbili." Vijana wengi wakatikisa kichwa kukubali. Mimi pia, wallahi, kwa dakika mbili hivi nilikubali.

Hoja hii si ya kijinga. Wanavyuoni wakubwa wa elimu hii waliisema kabla ya mzee wetu. Lakini ina kosa ndani yake, na kosa lenyewe linahitaji kufafanuliwa polepole.

Hebu tuanze mwanzo kabisa. Mti unatengenezwa na nini? Mkimwuliza mkulima yeyote wa Bomachoge atawajibu, mti unakula udongo. Miaka mia nne hivi iliyopita kulikuwa na mtu Ulaya akiitwa Jan Baptist van Helmont, naye alitaka kujua. Akachukua udongo wa ratili 200 uliokaushwa, akautia katika chungu, akapanda mche wa ratili 5. Akawa anaumwagilia maji tu, miaka mitano. Mwisho akaupima mti, umepata ratili 169. Akaukausha udongo na kuupima, umepungua wakia 2 peke yake! Yeye akasema basi mti wote ni maji. Alikosea, lakini alikaribia. Kile ambacho hakukiona ni hewa. Jani lina vinyweleo vidogo vinavyofunguka, hewa ya ukaa inaingia, yaani kaboni dayoksaidi, na kwa nguvu ya jua jani linaichanganya na maji kutengeneza sukari. Kutokana na sukari hiyo mti hujenga shina, tawi, mzizi na gome. Ukiukausha mti wowote, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Ni kitu kile kile kinachobaki cheusi kwenye tanuri la makaa. Kwa maneno mengine, ile nguzo ya nyumba yako ni hewa iliyogandishwa.

Lakini mti nao unapumua. Mchana unakula na kupumua, usiku unapumua tu bila kula. Kwa hiyo mti hufunga usiku na kula mchana, kinyume chetu sisi mwezi huu. (Watoto, msiende kumwambia maalim kwamba nimesema mti una saumu.) Kila siku unaingiza hewa ya ukaa na kila siku unatoa kiasi. Majani yanayoanguka yanaliwa na kuvu, mchwa na wadudu wasioonekana, nao wanapumua, na kaboni inarudi hewani. Tofauti ya kile kinachoingia na kile kinachotoka ndiyo akiba ya mwaka huo.

Sasa kosa la ile hoja liko hapa: tunachanganya mapato na akiba. Chukulia kijana wa bodaboda na mzee mwenye shamba. Kijana anapata pesa kila siku, zinaingia haraka, na zinatoka haraka. Mzee hapati nyingi kwa siku, lakini ana ekari tatu, ng'ombe wawili na nyumba ya matofali. Ukiniuliza nani anaingiza haraka, pengine ni kijana. Ukiniuliza nani ana mali, hapo hatuna mjadala. Na ukichoma nyumba ya mzee kwa hoja kwamba "mapato yake yamepungua," utakuwa umepoteza mali ya miaka sitini ili kumpa nafasi kijana aanze kununua tairi.

Msitu hupita umri kama mtu. Ukifyeka mahali na kupanda upya, miaka ya kwanza mahali hapo panatoa kaboni kuliko panavyoingiza. Ndiyo, hata kama mmepanda miche elfu! Kwa sababu mizizi ya zamani inaoza chini, matawi yaliyoachwa yanaoza juu, udongo umefunuliwa jua, na ile miche ina majani mangapi? Kisha miche ikishika, huja ujana. Hapo ndipo msitu unakula kama mvulana wa miaka kumi na tano baada ya mechi. Majani yamefunika juu, kila mti unagombea jua, na akiba inaongezeka kwa kasi kwa eneo lile. Baadaye kasi hiyo hupungua. Miti mingine hufa kwa kubanwa, na iliyobaki inakuwa na mwili mkubwa wa kuulisha.

Mwaka 1969 mwanasayansi wa Marekani, Eugene Odum, aliandika kwamba msitu ukikomaa kabisa, kinachoingia na kinachotoka hulingana. Hauongezi wala haupunguzi. Hilo ndilo neno lililotembea kutoka kitabu hadi kitabu, hadi likafika kwenye kamati yetu. Lakini angalia alichosema: hauongezi. Hakusema hauna kitu! Hata kama Odum alipatia moja kwa moja, ghala lililojaa ni ghala lililojaa. Ukilifungua milango, kilichomo kinatoka.

Na wengine waliokuja baadaye walipima wakaona hata hilo la "hauongezi" halikukaa sawa. Mwaka 2008, Sebastiaan Luyssaert na wenzake walikusanya vipimo vya misitu ya umri wa miaka 15 hadi 800, wakakuta mingi ya ile mizee bado inaongeza kaboni. Wapo waliowajibu mwaka 2021 katika jarida hilo hilo la Nature kwamba takwimu yao ilikuwa imekuzwa. Kwa hiyo mjadala wa kiasi gani bado upo, na mimi mwanafunzi siwezi kuumaliza hapa. Lakini kwa misitu yetu ya Afrika ipo kazi kubwa ya 2020, ya Wannes Hubau na wenzake wengi, wakiwemo Waafrika. Walifuatilia vipande 244 vya msitu wa zamani katika nchi 11, misitu isiyokatwa. Kwa miaka thelathini hadi 2015, kila hekta iliendelea kuongeza kama kilo 660 za kaboni kwa mwaka. Misitu mizee hiyo! Wakaonya pia kwamba ile ya Amazon uwezo wake umekuwa ukishuka tangu miaka ya tisini, kwa joto na ukame na miti kufa mapema, na kwamba ya Afrika imeanza kuonyesha dalili za kufuata njia hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo lilinishangaza mimi mwenyewe darasani. Msitu mzima ukizeeka kasi hupungua, lakini mti mmoja mmoja haupunguzi. Mwaka 2014 Nathan Stephenson na wenzake walichapisha hesabu za miti zaidi ya 670,000 ya aina 403 duniani, wakaona kwa aina nyingi mti unavyozidi kuwa mkubwa ndivyo unavyoongeza uzito mwingi zaidi kila mwaka. Ukifikiri kidogo inaingia akilini. Mti mkubwa una majani mengi. Tena sentimeta moja ikizunguka shina nene ni mbao nyingi kuliko sentimeta moja kuzunguka fimbo. Tunadhani umesimama tu kwa sababu haurefuki.

Sasa turudi nyuma ya madrasa. Wiki iliyopita nilikwenda na kamba ya meta ya fundi cherehani, nikaupima ule mringaringa kwenye kimo cha kifua. Mzunguko ni meta 2 na nusu. Ukigawa, upana wake ni kama sentimeta 80. Hapa Kenya ya magharibi, katika mabonde ya Yala, Nyando na Nzoia, Shem Kuyah na wenzake waliwahi kuikata miti ya mashambani na kuipima, majani, matawi na shina, ili wapate hesabu ya kukadiria mti bila kuukata. Waliichapisha 2012. Unachukua upana wa shina kwa sentimeta, unaupandisha kwa kipeo cha 2.47, halafu unazidisha kwa 0.09, unapata kilo za mti mkavu wa juu ya ardhi. Wenye simu fanyeni hesabu sasa hivi. Mtapata tani 4 na nusu hivi. Nusu yake ni kaboni, tani 2 na robo. Kaboni hiyo ikichomwa au kuoza inajishika na oksijeni ya hewani, na uzito wake unakuwa mara 3.67, kwa hiyo ni zaidi ya tani 8 za hewa ya ukaa. Mizizi sijaitia. Mbao ya mringaringa si nzito kama ya miti mingine, kwa hiyo anayetaka tahadhari apunguze kidogo, sitabishana naye.

Na mche je? Tuseme si mche tena, umekua, umefika upana wa sentimeta 10, kama mkono wa mtu. Hesabu ile ile inatoa kilo 27 hivi, kaboni kilo 13. Kwa hiyo mringaringa mmoja ni sawa na miti kama 170 ya unene wa mkono. Na ukinenepa sentimeta moja tu kwa mwaka, unaongeza kama kilo 70 za kaboni, yaani miti mitano mizima ya unene ule. Huo ndio "mzee asiyemeza tena."

Mtasema, si tumesema tutapanda mia mbili? Mia mbili inashinda mia na sabini. Naam. Hapa naomba tusemezane ukweli kwa sababu ni sisi kwa sisi. Novemba 13, 2023, serikali ilipotoa siku ya mapumziko ili nchi nzima ipande miti, katika ule mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032, chama chetu kilipanda miche mia mbili. Tulipiga picha, tulivaa fulana. Mwezi uliopita nilikwenda kuihesabu. Nimekuta 61. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilinyongwa na nyasi, na safu nzima ya juu tuliipanda penye mawe kwa sababu tulikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya mvua. Hakuna wa kulaumiwa nje ya ukumbi huu. Na hiyo 61 bado iko chini ya unene wa dole gumba.

Sisemi kupanda hakuna maana. Hadithi ya mche na Kiyama tunaijua tangu tuko wadogo, maalim ametufundisha wote. Lakini mimi sijasikia mahali ilipofundishwa kwamba uung'oe uliokwisha kumea ili upate nafasi ya kupanda.

Sasa ipo hoja ya fundi, na ni hoja nzuri: mbao haichomwi. Akitengeneza kabati, kaboni imo ndani ya kabati. Kweli. Kabati la mringaringa likitunzwa litamzika aliyelinunua. Nguzo za umeme, milango, boriti za msikiti, zote hizo ni kaboni iliyohifadhiwa. Lakini mti mzima hauwi kabati. Mbao itakayotoka haifiki hata nusu. Matawi yatakuwa kuni, vumbi la msumeno litatupwa, gome litaoza, na mizizi itaoza pole pole chini ya ardhi miaka na miaka. Sehemu kubwa ya ile kaboni itarudi hewani, na ile ya kuni itarudi kabla ya Ramadhan ijayo.

Naona baadhi yenu mnanitazama kwa jicho la "huyu ametoka chuo, anatukataza kukata miti." Hapana. Nitawaambia kitu ambacho wengi hamkijui. Mimi niko chuo kwa sababu ya blugamu. Baba alikuwa na kipande cha chini kando ya barabara, blugamu zimejaa, na karo ya mwaka wa kwanza ilipokosekana lori lilikuja likapakia. Nilisimama pale nikatazama kila mmoja ukianguka, nikijua ule ni wangu. Kwa hiyo sina uso wa kumhukumu mtu.

Tena blugamu nayo ina hesabu yake, na kwetu Kisii na Nyamira ndiyo hesabu kubwa. Mti huu si wa kwetu, uliletwa Kenya mwaka 1902 toka Australia ili kuni zake ziendeshe garimoshi la reli ya Uganda. Leo ukisimama juu ya ukingo wa Manga ukatazama huku na huku, kijani kingi unachokiona si msitu, ni chai, migomba, na vijishamba vya blugamu. Hatuna ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 900 kwa kila kilometa mraba katika kaunti ya Kisii, na Nyamira zaidi ya 600. Ardhi ya asili ilishagawanywa kwa wana na wajukuu, na mti unaoweza kukatwa baada ya miaka sita hadi kumi ndio pekee unaolingana na haraka ya karo, mahari na hospitali. Viwanda vya chai vya Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo, Nyamache vinakausha majani kwa moto wa kuni, na kuni ni blugamu.

Kwa kaboni, shamba la namna hiyo linapanda na kushuka. Mwaka wa kwanza halina kitu, mwaka wa nane limejaa, lori linakuja, linarudi sifuri. Ukichukua wastani wa miaka yote linakuwa na kama nusu ya kile kilichokuwepo siku ya kukatwa, basi. Halijikusanyii zaidi ya hapo hata likatwe karne nzima. Ila lina jambo moja zuri: blugamu ikikatwa inachipua kwenye kisiki kile kile, mizizi haifi, udongo hauchimbwi. Visiki vya baba vimeshachipua vimenipita urefu. Na kuni inayochipuka tena ni afadhali kuliko mafuta mazito yaliyokuwa yakichomwa katika viwanda vingi vya chai zamani, kwa sababu yale yakishatoka ardhini hayarudi. Pia kila mzigo wa kuni unaotoka shambani ni mzigo ambao haukutoka kwenye msitu wa asili. Kwa hiyo blugamu mahali pake ni bodaboda yetu. Tusiitukane, tusiite benki.

Mahali pake, nimesema. Kando ya chemchemi si mahali pake. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliamuru blugamu zing'olewe kandokando ya mito na kwenye maeneo ya chemchemi kwa sababu zinakunywa maji sana. Wengi hapa kwetu walikasirika. Mkizing'oa, kaboni inatoka, sikatai. Lakini kaboni si hesabu pekee ambayo mti unafanya, na mama anayekwenda mara mbili umbali wa kuteka maji hawezi kufarijiwa kwa tani za kaboni. Hapo mimi nang'oa, na ninapanda ya asili badala yake.

Akiba yenyewe kubwa, ile ya wazee, haiko kwetu tena. Ukitaka kujua milima hii ingekuwa na nini, angalia majirani. Kule Kakamega, Julia Glenday alichapisha vipimo vyake mwaka 2006: hekta ya msitu wa asili ilikuwa na tani kama 330 za kaboni ukijumlisha na udongo, wakati ile iliyopandwa miti ya mbao ilikuwa na kati ya 250 na 280, ingawa imetunzwa kwa miaka mingi. Na mwaka 2021 Aida Cuni-Sanchez na wenzake walitoa matokeo ya misitu ya milimani katika nchi 12 za Afrika. Wataalamu walikuwa wakidhani misitu ya juu, penye baridi na miinuko kama yetu, ina kaboni kidogo. Wakakuta wastani wa tani 149 kwa hekta juu ya ardhi peke yake. Kwa lugha yetu ya mashamba ni kama tani 60 kwa ekari. Ekari moja!

Sasa pima hiyo na Mau, ambako mito mingi ya upande huu inaanzia. Kikosi kazi cha serikali kilisema mwaka 2009 kwamba kwa miaka ishirini Mau ilikuwa imepoteza kama robo yake, hekta 107,000 hivi. Pima na Nyakweri kule Trans Mara, ambako magunia ya makaa yametoka miaka yote hii. Makaa yenyewe ni hasara juu ya hasara: katika tanuri la udongo, tani kumi za mti zinatoa tani moja, au mbili mtu akiwa fundi. Iliyobaki inakuwa moshi pale pale porini, kabla gunia halijafungwa. Msitu uliochukua miaka mia mbili kujaza ghala unamwagwa kwa wiki mbili. Ukianza kupanda leo, wajukuu wa wajukuu zako ndio watakaoona umefika ulipokuwa.

Ndugu zetu wa Gazi kule Kwale wametutangulia katika hili. Wana mikoko, hekta 117, chini ya mradi wao wa Mikoko Pamoja. Kwa mikoko akiba kubwa iko kwenye tope, si kwenye shina. Tope lile halina hewa, majani na mizizi haiozi haraka, kaboni inakaa karne kwa karne. Watu wa kijiji wanalinda kilichopo na kupandia penye mapengo, kaboni inapimwa na kuuzwa, na pesa zimeleta maji na kusaidia shule. Sisi hatuna mikoko, na mringaringa mmoja hakuna Mzungu atakayeununulia kaboni, tusidanganyane. Nimewataja kwa sababu moja tu, wao walianza na kulinda kile kilichokuwa kimesimama.

Basi, mringaringa. Wapo wanaosema utaangukia darasa. Hiyo ndiyo hoja ninayoiogopa mimi, kwa sababu kuna watoto. Mti ukiwa na uwazi ndani, au mizizi imeoza, hapo hakuna cha kaboni, ukatwe kesho. Lakini tusiseme kwa kutazama. Ofisi ya misitu iko hapa mjini, tumwombe afisa aje augonge aukague, atuandikie. Kama ni tawi lile linaloegemea bati, likatwe tawi, hata fundi apewe.

Na paa? Shilingi 45,000 ni watu tisini kwa shilingi mia tano. Nimehesabu viatu pale mlangoni kabla ya kuingia, vimezidi jozi mia na ishirini, na hapo sijahesabu upande wa mama zetu, ambao najua watatushinda. Mimi ni mwanafunzi, mfuko wangu mnaujua, lakini mia tano yangu ya kwanza nimeshampa mweka hazina, na risiti ninayo.

Halafu zile 61. Ninaomba vijana sita, kila mmoja achukue kumi, na mimi nitachukua ule uliobaki na kujaza safu ya juu upya, sio penye mawe safari hii. Kuzizungushia miiba, kupalilia mara mbili kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Tusipande mwingine wowote mpaka hizi zifike magotini.

Jambo dogo la mwisho, kwa wanaopika futari ya pamoja. Yale mafiga matatu pale uani yanakula kuni kama tanuri la chokaa, na kuni zenyewe zinaletwa mbichi. Zianikwe wiki mbili kabla, na tujenge jiko la udongo lililozibwa pembeni. Fundi wa majiko yuko hapa, amekaa nyuma kabisa, anajifanya hanisikii.

Kamati inakutana Jumapili ya kwanza baada ya Idd, Inshallah. Kamba ya kupimia nimeiacha kwa katibu. Anayetilia shaka ile meta 2 na nusu aende apime mwenyewe, ila apime kwenye kimo cha kifua, si kule chini penye mizizi.